Tanzia Mbili za Mwalimu wa Ngoma

Jumatatu asubuhi Dafina Koleva alitoka kununua mkate na mtindi, akakuta kwenye mti ulio mbele ya duka la mikate tanzia mbili zimebandikwa ubavu kwa ubavu. Ya kulia ilikuwa na ukingo wa kijani na mwezi mwandamo juu, kama zilivyo za Waislamu. Ilisema kwamba Nazmie Saliova, mwenye umri wa miaka sabini na saba, amefariki, na mdogo wake Yumer na jamaa wote wanasikitika. Ya kushoto ilikuwa na ukingo mweusi na msalaba. Ilisema kwamba Nadezhda Savova, mwenye umri wa miaka sabini na saba, mwalimu na mtunzi wa ngoma, amefariki, na Nyumba ya Utamaduni ya mji wa Dolna Lipa inasikitika. Picha ilikuwa ileile katika zote mbili.

Kwenye foleni, mbele ya Dafina, wanawake wawili walikuwa wakisoma.

"Jamani, wawili kwa siku moja," alisema wa kwanza.

"Na walivyofanana, masikini. Hata mtandio wamevaa wa aina moja."

"Watakuwa ndugu hao."

"Watakuwa."

Dafina angeweza kuwaambia kwamba marehemu ni mmoja. Alimjua tangu alipokuwa na miaka kumi na mitatu. Lakini foleni ilisogea, muuzaji akamuuliza kama anataka mkate mweusi au mweupe, akajibu mweupe, akaondoka zake. Alikuwa na miaka hamsini na saba, magoti yalikuwa yanamuuma tangu mvua ya juzi, na kuna asubuhi ambazo mtu hana nguvu ya kuwasahihisha watu.

Tanzia ile nyeusi haikuandikwa kwa ubaya. Aliyeiandika ni katibu wa Nyumba ya Utamaduni, mwanamke mwema, aliyelia Jumapili nzima. Jina alilitoa kwenye vyeti vilivyotundikwa ukutani, na vyeti vyote vilisema Nadezhda Savova. Ukingo mweusi ulikuwamo tayari kwenye kompyuta. Jina lile la kwenye karatasi ya kijani wengi mjini walikwisha kulisahau, na waliolikumbuka walilichukulia kuwa ni mambo ya nyumbani kwake.

Saa sita mchana Yumer alimzika dada yake kijijini, juu ya mlima. Dafina alipelekwa na Gancho, mpiga kodiani wa kundi, kwa gari lake bovu. Kule wanawake hawaendi makaburini, hubaki uani. Dafina alikaa nao kwenye benchi, mikono mapajani. Watu walipotawanyika, imamu alibaki peke yake kaburini akasoma talakini, akamwita marehemu kwa jina lake na la mama yake: Nazmie binti Zeynep. Akamwita hivyo mara tatu. Upepo ulikuwa unaelekea nyumbani, na kila neno lilifika uani. Alipomaliza, mwanamke mmoja akainuka kwenda kukoroga halua.

Yumer alirudi akiwa na udongo kwenye mikono ya koti. Alikuwa mzee mfupi, mlimaji wa tumbaku, vidole vimekuwa vya kahawia na havitakati tena.

"Asante kwa kuja, mwanangu," alimwambia Dafina. "Dada alikuwa akikutaja."

"Akisema nini?"

"Aa, mema tu. Kula halua."

Dafina alikula. Halua ilikuwa tamu.

Kesho yake, Jumanne, alikwenda ukumbini kabla ya saa kumi na moja jioni ili awaambie watoto kwamba mazoezi yamesimama mpaka itakapojulikana la kufanya. Alikuta taa zimewashwa. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya dirisha, akifunga bendeji kwenye goti la kushoto kama alivyolifunga kila Jumanne na kila Alhamisi kwa miaka arobaini na minne. Gancho alikuwa amekwisha kuvaa kodiani yake.

"Mwalimu kaja," alisema Gancho.

"Naona," alisema Dafina.

Watoto waliingia, kumi na wanne kwa hesabu yao, wakamsalimu, wakavaa viatu vya ngozi, wakapanga mstari na kushikana mikanda. Msichana mmoja aliuliza kama kufa kunauma. Mwalimu akamjibu anyooshe mgongo. Kisha akapiga makofi mawili, Gancho akaanza, na mazoezi yakaenda mpaka saa moja kasorobo bila ya hitilafu yoyote, isipokuwa hita ya pembeni ambayo ilikuwa mbovu tangu Januari.

Maelezo yalitafutwa, na hayakuwa magumu kupatikana. Aliyezikwa ni Nazmie. Alioshwa, akavikwa sanda, akashushwa kaburini, akaitwa kwa jina lake akaitika. Nadezhda hakuzikwa na mtu. Watu walisikitika kwenye karatasi, basi. Katibu alikwenda kumuuliza padri kama anaweza kumsomea, naye padri akasema kwamba hawezi kuzika bila jeneza, na hata likipatikana jeneza, bibi yule hakubatizwa kamwe, kwa hiyo yeye asiingizwe katika jambo hilo. Katibu akarudi akachemsha ngano, akaitia sukari na njugu za jozi kama ilivyo desturi ya Wakristo kwa marehemu wao, akaiweka kwenye bakuli ukumbini. Mwalimu aliitazama akashukuru, ila hakula. Watoto waliimaliza.

Meya, mtu mnene mchangamfu aitwaye Bozhin, ndiye aliyelifunga suala hilo. "Kama hajazikwa," alisema, "basi yuko kazini."

Gancho alisema kwamba mkewe anamtaka astaafu kwa sababu ya mgongo, na sasa atamwambia nini, ikiwa kuna watu ambao hata kifo hakikuwastaafisha.

Yafaa kusema mwalimu huyu alikuwa nani, maana waliomlilia walimlilia kwa haki. Alizaliwa kwenye tumbaku. Akiwa na miaka kumi na tisa alichukuliwa na kundi la ngoma la taifa katika mji mkuu, msichana wa Kituruki kutoka milimani ambaye hakuwa amewahi kupanda lifti, na kwa muda wa miaka kumi na minne alicheza mstari wa mbele. Miguu yake ilikuwa haina kelele. Walimu wake walikuwa wakiwaambia wengine wafumbe macho wamsikilize, na wakifumba hawasikii kitu. Goti lilipovunjika alirudi nyumbani, akapewa chumba kimoja katika Nyumba ya Utamaduni na watoto ishirini wasiojua kulia wala kushoto. Baada ya miaka mitatu aliwatungia ngoma ya kwanza.

Aliiita Alfajiri ya Tumbaku. Wasichana wanaingia kabla ya jua, wanakaa duara kwenye vigoda na kutunga majani: mkono wa kulia unasukuma sindano, wa kushoto unapokea jani, uzi unavutwa mpaka urefu wa mkono. Kisha wanainuka na kazi yao mikononi, na miguu inaanza mapigo saba, mafupi mafupi na marefu, wakati mikono inaendelea kutunga majani yasiyokuwapo. Kwa nusu saa hakuna anayetabasamu. Kundi la mji mdogo lilikwenda nayo mji mkuu, na wakubwa wenye miwani wakasema kwamba humo ndimo ilimo roho ya taifa.

Kisha ukaja ule msimu wa baridi wa mwaka 1985, serikali ya siku zile ilipoamua kwamba katika nchi hii hakuna Waturuki, na kila aliyekuwa na jina la Kituruki apewe la Kibulgaria. Askari walizunguka vijiji kabla ya mapambazuko. Mwenye nguvu mpishe. Mwalimu alipewa orodha ya majina yanayoanza na herufi ileile ya jina lake, achague. Akachagua upesi, kama mtu anayenunua kiatu katika duka lenye saizi moja. Mama yake, Zeynep, alikuwa amekwisha kufa miaka sita nyuma. Naye alibadilishwa katika vitabu, akawa Zlatka, na marehemu hakuulizwa.

Siku ya pili yake mkuu wa Nyumba ya Utamaduni wa wakati huo alimwita Dafina. Alikuwa na miaka kumi na saba, na mwandiko mzuri kuliko wote shuleni. Akapewa daftari jipya la kundi na akaambiwa anakili kila kitu kutoka katika lile la zamani, isipokuwa jina la mwalimu. Aliandika kwa wino wa buluu, taratibu, akijisikia mtu mkubwa. Nadezhda Savova, mwalimu. Nadezhda Savova, mtunzi. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake, na daftari la zamani lilikuwa limekwisha kutiwa katika jiko la kuni. Alisema neno moja tu.

"Wino umekauka?"

"Bado, Mwalimu."

"Basi usifunge."

Mwaka uliofuata ngoma ile ilipata medali ya dhahabu, kwa jina lililoandikwa.

Serikali ile ilianguka baada ya miaka minne, na watu wakaruhusiwa kurudishiwa majina. Mwalimu alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Alikuja ukumbini na kitambulisho chake kipya akakiweka mezani ili kila mzazi akione. Wazazi walifurahi kweli. "Hongera sana, Mwalimu Nadezhda," walimwambia. Akawasahihisha mwaka mzima. Walikuwa wakiomba radhi, wakijipiga paji la uso, na wiki ijayo wakilirudia lilelile. Mazoea yana taabu. Baadaye aliacha kuwasahihisha, nao wakadhani amelizoea. Dafina mwenyewe alijaribu mara mbili kumwita Mwalimu Nazmie. Mdomo ulikuwa mzito, kama anatamka jina la mtu asiyemjua, kwa hiyo akashika kumwita Mwalimu tu, na kwa miaka thelathini na mitatu hakumwita kwa jina lolote.

Hivyo ndivyo walivyoishi, wakimpenda. Hakuna harusi mjini ambayo hakualikwa, na katika ngoma za harusi alipewa kichwa cha mstari, mahali ambapo kwa desturi yao mtu hajipeleki mwenyewe. Alifundisha watoto, akafundisha watoto wa watoto. Wanne walikwenda kundi la taifa. Alipougua, supu zilipelekwa mpaka zikaharibika kwa wingi. Sasa alikuwa amekufa na bado anafundisha, na mji ulilipokea hilo kama ulivyopokea mengine yote kutoka kwake.

Ila alikuwa amechoka. Dafina, aliyekuwa msaidizi wake, ndiye aliyeliona. Wiki ya kwanza alionyesha kila hatua mwenyewe. Wiki ya tatu alikuwa akionyesha nusu, halafu anashika ukuta. Goti lilivimba chini ya bendeji kama zamani, na hakuna daktari wa kulitazama goti la namna ile. Watoto walipoondoka alibaki kwenye benchi, hana pa kwenda, kwani chumba chake cha kupanga Yumer alikwisha kukirudisha kwa wenyewe. Asubuhi katibu alimkuta palepale, macho wazi.

Yumer aliteremka siku moja ya Alhamisi akiwa na jibini ndani ya kitambaa. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi mpaka wimbo ulipoisha. Mwalimu alimtazama, kisha akamwinamia Dafina.

"Yule mzee ni babu wa nani?"

Yumer alisikia. Alitikisa kichwa kidogo, akasema amepita tu, akashuka ngazi. Dafina alimfuata mpaka chini, akishika reli kwa ajili ya magoti.

"Mjomba, usimchukie. Hajui."

"Nimchukie nini?" alisema Yumer. "Macho ni ya dada. Hata anavyoshika kiuno. Lakini dada yangu nilimshusha mwenyewe, kwa mikono hii. Yuko kule, katulia. Sasa huyu nimfanyeje, mwanangu? Nimzike mara ngapi?" Akampa lile jibini na kwenda zake.

Jioni ile Dafina hakuondoka na wengine. Alikaa kwenye benchi pembeni ya mwalimu. Mwalimu alikuwa akitunga majani yasiyokuwapo, polepole, mkono wa kulia, mkono wa kushoto.

"Haya nimeyajifunza wapi?" aliuliza.

"Kwa mama yako, Mwalimu. Ulikuwa ukituambia."

"Mikono inajua. Mimi sijui. Simkumbuki mama." Alivuta uzi mpaka urefu wa mkono. "Nikirudi nyuma, Dafina, narudi mpaka chumba cha chini hapa, kuna jiko la kuni, kuna msichana anaandika. Kabla ya hapo hakuna kitu. Naanzia kwenye mwandiko wako."

Miaka karibu arobaini Dafina alikuwa akilisubiri neno hili, na lilikuja bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomuuma.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Sikusema kwa ajili ya hilo. Nimechoka, mwanangu. Huyo mwenzangu wa kule juu ana mama, ana ndugu, ana kaburi. Mimi nina Jumanne na Alhamisi. Nataka kwenda kulala alipolala."

"Nifanye nini?"

"Simama mbele ya watu useme kwamba mimi ndiye yule. Kwamba aliyewafundisha ni Nazmie, aliyetunga ni Nazmie, na hakukuwa na mwingine. Wewe uliyeniandika. Ukisema hivyo nitakuwa nimezikwa tangu Jumatatu ile."

"Nitasema," alisema Dafina, na alilisema kwa moyo wake wote. Nafasi yenyewe ilikuwa karibu. Tarehe ishirini na nne Mei, sikukuu ya shule na utamaduni, ukumbi ungepewa jina la mwalimu, na Dafina ndiye aliyechaguliwa kusoma hotuba.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, alikwenda kwanza kwa meya. Bozhin alimpokea kwa kahawa na akamsikiliza mpaka mwisho.

"Dafina, dada yangu," alisema, "nani humu mjini aliwahi kumkosea adabu yule mama? Nitajie mmoja."

"Hakuna, mheshimiwa."

"Tulimpenda au hatukumpenda?"

"Tulimpenda."

"Sasa huyo Nazmie mimi simjui. Naapa, simjui. Mimi nimefundishwa na Mwalimu Nadezhda, nikiwa mnene hivihivi, na alinivumilia. Medali imeandikwa Nadezhda. Kibao kimekwisha kuchongwa. Yale mambo ya zamani yalikuwa mabaya, nani anabisha? Lakini ukiyafukua siku ya sikukuu, watoto wamevaa, utamfurahisha nani?" Alikunywa kahawa yake. "Na tuseme umesema, akaenda zake. Ijumaa ya pili yake kuna mashindano. Nani atawapeleka? Wewe na magoti yako? Kundi likikosa mwalimu linafungwa, hilo unalijua kunishinda. Watoto kumi na wanne, kila mmoja na simu yake, nyumbani."

"Ameniomba, mheshimiwa. Amechoka."

"Nani hajachoka?" alisema meya, na alisema kweli, macho yake yalikuwa mekundu, na mezani kulikuwa na rundo la barua kutoka vijiji vilivyobaki bila shule. "Sikukatazi. Utakuwa umesimama wewe pale, na mdomo ni wako."

Siku ilifika ikiwa na jua. Shule zilipita barabarani na maua, bendi ikapiga, kisha watu wakaingia ukumbini mpaka wengine wakasimama. Kibao kilikuwa ukutani kimefunikwa kitambaa. Watoto walikuwa jukwaani tayari, wamevaa aproni nyekundu, wamekaa kwenye vigoda vya Alfajiri ya Tumbaku. Yumer alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mwalimu aliketi safu ya mbele. Dafina alimwona: alikuwa amevaa koti la safari, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni, na mkoba ameupakata. Amejiandaa kuondoka.

Dafina alipanda. Alikuwa ameandika hotuba kurasa mbili, na jina aliliacha wazi kila mahali, ili alitie kwa mdomo. Alisoma habari za msichana aliyeshuka kutoka milimani na miguu isiyo na kelele. Alisoma habari za goti, na chumba kimoja, na watoto ishirini. Watu walitabasamu na kufuta macho. Alifika mahali ambapo hakuna njia ya kulikwepa.

"Na mtu huyu," alisoma, "aliyetufundisha, aliyetunga ngoma hii ambayo dunia imetujua kwayo, jina lake..."

Akanyanyua macho. Mwalimu alikuwa akimtazama kwa utulivu, na mkono mmoja umeshika mkono wa kiti, kama ashikavyo mtu anayetaka kusimama. Nyuma, Yumer alikuwa amevua kofia. Lilikuwa neno dogo, na Dafina alikuwa nalo mdomoni.

Lakini aliwaona watoto pia. Wale kumi na wanne wote walikuwa wamegeuza shingo, hawamtazami yeye, wanamtazama mwalimu, wakisubiri awape ishara ya kuanza, kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kuwapa ishara. Aliona Jumanne inayokuja, ukumbi una baridi, Gancho kavaa kodiani yake, na mbele ya mstari amesimama yeye, Dafina, asiyeweza kukunja goti. Aliona mlango umefungwa kwa kufuli. Akajiambia kwamba mashindano ni wiki ijayo tu, na baada ya mashindano atasema. Akajiambia kwamba huyu ameshakufa na hawa wako hai. Uchovu mkubwa ukamwingia, uleule wa siku ya foleni ya mkate.

"Nadezhda Savova," alisema.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Meya alivuta kitambaa, na jina likawa ukutani kwa herufi za shaba. Nyuma kabisa Yumer alivaa kofia yake, akasubiri kwa adabu makofi yapungue, akatoka.

Mwalimu hakupiga makofi wala hakulia. Alikaa kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba basi limekwisha kuondoka. Kisha akafungua vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, akalikunja akaliweka kwenye kiti, na mkoba juu yake. Akapanda ngazi za jukwaa akishika ukuta. Alimnyoosha msichana wa kwanza mabega, akamsogeza wa tatu nusu hatua, akarudi pembeni alipokuwa amesimama Dafina na karatasi zake.

Dafina hakuweza kumtazama. "Baada ya mashindano, Mwalimu," alinong'ona. "Haki ya Mungu, nitasema."

"Wale wawili wa mwisho hawajui mapigo," alisema mwalimu. Sauti yake haikuwa na lawama. Ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuisikia ahadi hiyo kwa watu wengi, wote wema. "Jumanne uje mapema, tuwaonyeshe."

"Ndiyo, Mwalimu Nadezhda," alisema Dafina, na jina lilitoka bila uzito wowote.

Mwalimu aligeuka, akapiga makofi mawili, na watoto wakachukua sindano.